Kulima mboga kwenye ndoo, madumu na viroba: mwongozo kamili kwa mwenye uwanja mdogo au asiye na uwanja kabisa

Mboga za kwenye ndoo huuawa na maji na udongo ulioshikana mara nyingi zaidi kuliko wadudu. Ama maji yamekosa pa kutokea, ama yamekosekana kwa siku moja tu ya jua kali la Januari. Shambani mzizi ukikosa kitu hapa unakwenda kukitafuta mbele. Ndani ya ndoo ya lita 20 hauna pa kwenda. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye chombo, udongo na maji kabla ya kugusa mbegu. Vipimo na misimu vimelenga Dar es Salaam na mwambao. Pale ambapo Nairobi, Arusha au nyanda za juu mambo yanabadilika, tumesema.

Mahali pa kuweka

Simama pale unapotaka kuweka vyombo saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, uangalie kama kivuli chako kinaonekana vizuri chini. Mboga za majani (mchicha, chainizi, spinachi, matembele) zinaridhika na saa 4 za jua kwa siku. Nyanya, hoho, bilinganya na bamia zinataka saa 6 au zaidi. Zikipata pungufu zitarefuka, zitaota majani mazuri na hazitazaa cha maana.

Kwa mwambao, upande wa mashariki wa nyumba ndio bora. Mimea inapata jua la asubuhi, na alasiri nyumba inaitia kivuli. Usibane ndoo kwenye ukuta mweupe unaotazama magharibi, maana joto linaloakisiwa hapo linakausha ndoo kabla hujarudi kutoka kazini.

Anayelima kwenye roshani au juu ya paa la zege apige hesabu ya uzito kwanza. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa ina kilo 25 hadi 30. Kiroba kikubwa cha kilo 50 kikijazwa udongo mpaka juu kinapita kilo 100. Panga vyombo vizito kando ya ukuta, usivirundike katikati ya roshani, na kama ni nyumba ya kupanga mwambie mwenye nyumba kabla.

Chombo

Kanuni ni rahisi. Mboga za majani zinataka upana, mboga za matunda zinataka kina.

Mchicha, giligilani (dania) na figiri zinatosheka na kina cha sentimita 15 hadi 20, ndiyo maana dumu la mafuta la lita 20 lililolazwa na kukatwa ubavu mmoja linafaa kuliko ndoo: lina eneo kubwa la juu na halimezi udongo mwingi. Beseni lililopasuka au karai bovu linafaa vilevile. Shina moja la sukuma wiki au chainizi linataka lita 10. Hoho na pilipili, lita 10 hadi 15. Nyanya, bilinganya, bamia na tango, lita 20 kwa shina moja. Kupanda nyanya mbili kwenye ndoo moja kwa tamaa kunakupa mavuno ya shina moja na kazi ya kumwagilia ya mashina mawili.

Chagua chombo ukijua kilibeba nini. Ndoo ya rangi ya maji iliyosuguliwa vizuri haina neno. Ya rangi ya mafuta iache. Chombo kilichowahi kubeba kiuatilifu, mafuta ya gari au dawa yoyote usikiguse hata kama umekiosha mara kumi. Viroba vya unga, mchele na sukari ni vizuri. Vilivyobeba mbegu zilizopakwa dawa, hapana. Kiroba cha sandarusi huanza kukatika uzi kwa uzi kikikaa juani msimu baada ya msimu, kwa hiyo kikianza kutoa nyuzi kibadilishe kabla plastiki haijachanganyika na udongo wako.

Matundu sasa. Pasha moto kipande cha nondo ya milimita 8 au 10, fanyia nje na usimame upande upepo unakotoka ili usivute moshi wa plastiki. Toboa matundu 6 hadi 8 kwenye kitako cha ndoo, kisha mengine 4 ubavuni, sentimita 2 juu ya kitako. Haya ya ubavuni wengi huyasahau, nayo ndiyo yanayookoa mmea pale kitako kinapoziba kwa tope. Tandika kipande cha chandarua chakavu ndani ili udongo usitoke. Ndoo ikae juu ya matofali mawili, isigande sakafuni.

Kuhusu kuweka kokoto chini ya ndoo: desturi imeenea na sisi hatuikubali. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umelowa chepechepe. Sehemu yenye maji mengi inapanda juu, karibu na mizizi, nawe umepoteza lita 3 au 4 za udongo bure. Matundu ya kutosha na udongo mwepesi vinatosha.

Ndoo nyeusi inachemka juani. Ipake chokaa kwa nje au izungushie kiroba cheupe.

Udongo

Udongo wa uwanjani ukiujaza kwenye ndoo kama ulivyo utashikana ndani ya wiki chache. Shambani unafunguliwa na minyoo, mizizi ya zamani na mchwa. Kwenye ndoo hakuna anayeufungua isipokuwa wewe. Changanya kwa kipimo kimoja, kopo au ndoo ileile, hivi:

Kwa udongo wa kichanga, kama wa Kigamboni au Mbagala: udongo wa juu vipimo 2, samadi iliyoiva vipimo 2, na ukipata vumbi la makumbi ya nazi ongeza kipimo 1. Mchanga usiongeze, tayari unao mwingi.

Kwa udongo mwekundu, kama wa Kiambu na viunga vya Nairobi: udongo vipimo 2, samadi kipimo 1, mchanga wa mtoni au makapi ya mpunga kipimo 1.

Kwa mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka nyufa ukikauka na kunata kama ulimbo ukilowa: tafuta udongo mwingine. Ukikosa kabisa, udongo 1, samadi 1, mchanga au makapi 2.

Mchanga wa baharini usitumie, una chumvi. Vumbi la makumbi nalo mara nyingi huwa na chumvi, kwa hiyo liloweke usiku mmoja, mwaga maji, rudia mara ya pili. Udongo wa kando ya barabara kubwa, nyuma ya gereji au jalalani usiuchukue hata kama unaonekana mweusi na wa kupendeza, kwa sababu madini ya risasi na mafuta havionekani kwa macho.

Samadi ndiyo inayowaangusha wengi. Iliyoiva haina harufu ya zizi, ni nyeusi au kahawia ya kukolea, inavunjika vidoleni, na ukizamisha mkono katikati ya lundo husikii joto. Mbichi inaunguza mizizi. Kinyesi cha kuku ni kikali zaidi: kikae miezi 2 au 3 kikioza chini ya kivuli, kisha tumia nusu ya kipimo cha samadi ya ng'ombe. Ukiwa na wasiwasi, jaza kopo moja mchanganyiko wako na upande maharage 10. Baada ya siku 10, yakiwa yameota 8 au zaidi na majani hayajaungua ncha, endelea. Yakiota 4, lundo lirudi kuoza.

Majivu ya kuni, konzi moja kwa ndoo ya lita 20, yanasaidia udongo wenye asidi na kuleta potasiamu. Konzi moja, siyo tatu: yakizidi, majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani, kwa sababu mmea umeshindwa kuchukua madini ya chuma. Usiyachanganye na urea au CAN (mbolea za dukani zenye nitrojeni) kwa wakati mmoja, maana nitrojeni itapaa hewani kama gesi.

Kabla ya kujaza, lowesha mchanganyiko kidogo. Ufumbe mkononi: ukikaa donge, kisha ukaligusa kwa kidole likavunjika, umepatia. Ukichuruzika maji, umezidisha. Ukimwagika kama unga, ongeza maji. Jaza bila kushindilia kwa ngumi. Inua ndoo uigonge chini mara mbili, inatosha. Acha sentimita 4 juu kwa ajili ya maji. Jaribu kwa kumwaga lita 2: maji yaanze kutoka chini ndani ya dakika chache. Yakikaa juu kama dimbwi, mwaga vyote na uongeze makapi, kwa sababu ndoo hiyo haitajirekebisha yenyewe.

Acha ikae wiki moja huku ukiinyunyizia. Udongo utashuka, magugu yataota na utayang'oa, halafu ndipo upande.

Maji

Zamisha kidole mpaka pingili ya pili. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa na unyevu, acha. Kipimo hiki kinashinda ratiba yoyote, lakini kwa kukadiria: dumu la mchicha linakunywa lita 1 hadi 2 kwa siku wakati wa joto, na nyanya iliyokomaa kwenye ndoo ya lita 20 inakunywa lita 2 hadi 3. Kipupwe, Juni hadi Agosti, nusu ya hapo inaweza kutosha.

Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani. Mwaga kwa awamu mbili: kidogo kwanza, subiri dakika 5, kisha mpaka maji yatoke chini. Udongo uliokauka kabisa hunywea na kuachana na ukuta wa ndoo, na maji yote unayomwaga yanapita pembeni hadi chini huku katikati pakiwa pakavu. Mtu anaona maji yametoka anadhani kazi imeisha. Ndoo ya namna hiyo izamishe ndani ya beseni la maji kwa nusu saa, mapovu yakome kutoka, kisha iinue ichuruzike.

Mmea ukilegea saa 8 mchana na kusimama tena jioni, ni joto tu, uache. Ukiwa umelegea alfajiri, kuna tatizo la maji au la mizizi. Chunguza siku hiyohiyo.

Sehemu nyingi za Dar watu wanategemea visima, na maji ya visima vingi yana chumvi. Yaonje. Dalili kwenye mimea ni kingo za majani kuungua na utando mweupe juu ya udongo. Kama huna maji mengine, fanya mambo mawili. Kwanza chagua mboga inayovumilia: spinachi ndiyo inaongoza, mchicha unafuata. Maharage, karoti na vitunguu vitakusumbua. Pili, kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, na mara moja kila wiki mbili mwagilia kila ndoo kwa maji hayo mengi, lita 10 hivi kwa ndoo ya lita 20, ili chumvi isukumwe itoke chini. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kabisa. Ya sabuni ya unga hapana.

Sahani za kukingia maji chini ya vyombo zimwage kila siku au uzijaze mchanga. Mbu wa dengi anazaliana kwenye maji machache namna hiyo, na Dar imeshaonja milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019.

Funika udongo kwa matandazo ya sentimita 3 hadi 5: nyasi kavu, majani makavu au makapi ya mpunga. Yasiguse shina.

Chakula cha mmea

Kila unapomwagilia hadi maji yatoke chini, virutubisho kidogo vinaondoka nayo. Samadi ya mwanzo inabeba mmea wiki 3 au 4, kisha lazima uongeze.

Njia ya kwanza ni mbolea ya maji. Weka kilo 3 za samadi iliyoiva kwenye kiroba kidogo, kifunge, kitumbukize kwenye ndoo yenye lita 20 za maji, funika, koroga kila baada ya siku mbili. Baada ya siku 10 hadi 14 toa kiroba. Kila kipimo kimoja kiongezee vipimo viwili au vitatu vya maji mpaka rangi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi, kisha mwaga lita 1 kwa kila ndoo mara moja kwa wiki. Iende kwenye udongo peke yake. Ikigusa majani ya kuliwa unayapaka vijidudu vya kinyesi, na giligilani au saladi inaliwa mbichi.

Njia ya pili ni ya dukani. NPK 17-17-17 (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), kijiko cha chai 1 kisichojaa kwa ndoo ya lita 20, kila wiki 3, ukiizungushia sentimita 5 kutoka kwenye shina na kuifukia kidogo, kisha umwagilie. Kwa mboga za majani unaweza kutumia CAN kipimo hichohicho. Urea iwe nusu ya kijiko, na ukiwa mgeni wa kazi hii iache kabisa. Ndoo nyingi zimeunguzwa na mkono mkarimu.

Nyanya ikijaa majani ya kijani kibichi kilichokolea bila maua, umeizidishia nitrojeni. Acha kuilisha wiki 3.

Mbegu

Nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI kwa Tanzania au ya KEPHIS kwa Kenya, taasisi za serikali zinazothibitisha ubora wa mbegu, na soma tarehe ya mwisho. Mbegu za kupimiwa kwa kijiko huwezi kujua ni za lini. Usihifadhi pakiti iliyofunguliwa jikoni. Ifunge kwenye chombo kikavu, mahali pa baridi.

Mchicha

Anza na huu. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo changanya kijiko kimoja na vijiko 10 vya mchanga mkavu, nyunyiza kwenye mistari iliyoachana sentimita 10, funika kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Zinaota kwa siku 3 hadi 5. Zisipoota, angalia sisimizi: hubeba mbegu za mchicha moja moja usiku kucha. Weka madumu juu ya matofali na uyazungushie majivu makavu matofali hayo.

Wiki ya pili punguza, acha sentimita 5 kati ya mche na mche. Ulioung'oa nao ni mboga. Kuanzia siku ya 21 hadi 30 ng'oa wote, au kata sentimita 10 juu ya udongo uchipue tena mara mbili au tatu. Ukianza kutoa vichwa vya mbegu, umekwisha.

Hapa pana hesabu ambayo watu hawaambiwi. Dumu moja halijazi sufuria. Kwa familia ya watu 4, mlo mmoja unataka madumu kama 4. Ukitaka mchicha kila wiki, panda madumu 4 kila wiki, maana yake 16 kwa jumla, au tegemea kukata na kuchipua upunguze idadi. Mwenye nafasi ya madumu matatu afikirie matembele.

Matembele

Kwa mwambao hakuna mboga inayotoa zaidi kwa jasho dogo. Kata marando ya sentimita 30 kutoka kwenye viazi vitamu vyenye afya, ondoa majani ya chini, fukia vifundo viwili au vitatu kwa mshazari kwenye kiroba chenye kina cha sentimita 25. Marando 5 yanatosha kiroba kimoja. Baada ya wiki 4 au 5 anza kuchuma ncha changa za sentimita 10 hadi 15. Kadiri unavyochuma ndivyo yanavyotawanyika. Usiogope kuweka mbolea ya kutosha: hapa hutafuti kiazi, unatafuta majani.

Sukuma wiki na chainizi

Sukuma inapenda ubaridi. Nairobi, Arusha na Mbeya inakaa miezi 6 au zaidi ikichumwa. Dar inafaa zaidi kuanzia Mei hadi Septemba, na wakati wa joto chainizi inakomaa haraka kabla haijateseka.

Sia kwenye kasha la kina cha sentimita 10, mbegu kina cha sentimita 1, mistari sentimita 10. Hamisha baada ya wiki 4, mche ukiwa na majani 4 au 5. Fanya jioni, mwagilia kitalu kabla ili mche utoke na udongo wake. Anza kuchuma wiki 5 au 6 baadaye, majani ya chini kwanza, na uache yasiyopungua 5 kileleni. Mashina 10 hadi 12 yanatoa mlo mmoja wa familia kwa wiki.

Nyanya

Kwenye ndoo tumia nyanya fupi kama Cal J au Rio Grande. Zinazorefuka bila kikomo zinataka nguzo ndefu na chombo kikubwa kuliko ulicho nacho.

Mwambao, sia mwishoni mwa Machi au Aprili, kitalu kikiwa chini ya upenu ili mvua za masika zisikisombe, ili maua yaje Juni na Julai. Sababu ni joto la usiku. Usiku ukizidi nyuzi 24 hivi, chavua ya nyanya inadhoofika na maua yanadondoka bila kushika. Januari na Februari Dar usiku huwa karibu na nyuzi 25, na hakuna mbolea itakayokusaidia hapo.

Hamisha mche wa wiki 4. Ufukie shina mpaka karibu na majani ya kwanza. Sehemu iliyofukiwa itatoa mizizi mipya. Chomeka mti wa mita 1.2 siku hiyohiyo, kwa sababu ukichomeka baadaye unakata mizizi. Funga kwa kamba laini kwa umbo la nane, isibane. Ondoa majani yote yanayogusa udongo. Kwa aina fupi usiondoe vichipukizi isipokuwa vile vilivyo chini ya kishada cha kwanza cha maua.

Kwenye roshani isiyo na upepo tikisa shina taratibu asubuhi kati ya saa 3 na saa 5 wakati wa maua. Utaanza kuvuna siku 70 hadi 85 baada ya kuhamisha. Ndoo iliyotunzwa inatoa kilo 2 hadi 3. Anayekuahidi kilo 15 kwa ndoo anakuuzia kitu.

Kitako cha tunda kikiwa cheusi na kubonyea, si ugonjwa wa kuambukiza. Kalsiamu haikufika kwenye tunda kwa sababu umwagiliaji ulikuwa wa leo mwingi kesho hakuna. Sawazisha maji na matunda yanayofuata yatatoka mazima. Maganda ya mayai watu wanayasifu sana, lakini yanaoza polepole mno kuokoa msimu huu.

Nyingine kwa ufupi

Hoho (California Wonder) na pilipili: kama nyanya, ila zinavumilia joto zaidi. Bilinganya (Black Beauty): kata tunda likingali linang'aa. Bamia (Clemson Spineless): loweka mbegu usiku mmoja, panda palepale kwenye ndoo, haipendi kuhamishwa, chuma kila siku mbili au itakuwa kuni. Giligilani: ponda mbegu kidogo igawanyike mbili, panda kwenye kivuli cha mchana. Karoti inataka kina cha sentimita 30 na udongo usio na mawe, mwambao iache.

Gunia la kusimama

Mtindo huu umeenea sana kwenye mitaa iliyosongamana kama Kibera jijini Nairobi, kwa sababu eneo la nusu mita linabeba miche 30 au 40.

1. Chukua kiroba cha kilo 50 kizima. Kunja mdomo nje mpaka kibaki kifupi. Kiweke mahali pake pa kudumu, hakitahamishika tena.
2. Simamisha katikati kopo kubwa lisilo na kitako wala mfuniko, ujaze kokoto za ukubwa wa yai.
3. Jaza udongo kuzunguka kopo. Vuta kopo juu, kokoto zibaki. Jaza tena kokoto, jaza udongo, ukikunjua kiroba taratibu mpaka kijae. Mnara huu wa kokoto ndio bomba lako la maji, kutoka juu hadi chini. Hapa kokoto zina kazi, tofauti na zile za kitako cha ndoo.
4. Mwagilia kupitia kokoto, acha siku 3 au 4 kishuke, ongeza udongo.
5. Toboa ubavuni kwa kisu, mkato wa sentimita 4, kila sentimita 20, safu zikipishana. Safu ya chini ianze sentimita 20 kutoka ardhini.
6. Ingiza mche mzizi ukielekea chini, gandamiza udongo kwa kidole.

Ubavuni panda sukuma, spinachi au chainizi; juu weka hoho 2 au vitunguu vya majani. Kila siku lita 5 hivi za maji wakati wa joto, sehemu kubwa kwenye kokoto. Miche ya chini ikinyauka huku ya juu ikistawi, mnara umeziba udongo. Mara nyingi chanzo ni kokoto ndogo kupita kiasi.

Wadudu na magonjwa

Geuza majani kila asubuhi. Ukiwaona wadudu mafuta (vidukari) wakiwa kumi, unawafuta kwa kidole. Wakiwa elfu, unahitaji dawa.

Dawa ya nyumbani ya kuanzia: ponda kilo 1 ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita 5 za maji usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko cha chai 1 cha sabuni ya maji kwa kila lita. Ukipata kokwa za mwarobaini, gramu 50 zilizosagwa kwa lita 1 zina nguvu zaidi. Nyunyiza jioni, kwa sababu jua linaiharibu, na lenga chini ya majani. Rudia kila siku 5 hadi 7. Itapunguza wadudu mafuta, inzi weupe na viwavi wachanga. Kiwavi mkubwa mwokote kwa mkono.

Utitiri mwekundu huja wakati wa ukavu: majani yanakuwa na vidoa vidogo kama vumbi na utando mwembamba chini. Wapige maji kwa nguvu chini ya majani siku tatu mfululizo.

Kantangaze, aliyeingia Tanzania na Kenya mwaka 2014, anachimba ndani ya jani la nyanya na kuacha mabaka yanayopitisha mwanga, kisha anatoboa tunda karibu na kikonyo. Ndani ya jani dawa nyingi hazimfikii. Chuma majani yenye mabaka yakiwa bado machache, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na uuache juani. Usiyatupe kwenye lundo la mboji. Chandarua kilichofunika ndoo nzima tangu siku ya kuhamisha kinamzuia, na nyanya haihitaji nyuki ili kushika.

Mnyauko bakteria ndio wa kuogopa. Nyanya, hoho au bilinganya inanyauka ghafla ikiwa bado ya kijani, udongo ukiwa na unyevu. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, na utazame kwa dakika chache: uzi mweupe kama maziwa ukianza kushuka kutoka kwenye shina, ndio wenyewe. Hakuna dawa. Ng'oa na uchome mmea, toa udongo wote wa ndoo hiyo mbali na mboga nyingine, sugua ndoo na kisu kwa maji ya jiki. Usimwage udongo huo kwenye ndoo ya jirani yake hata konzi moja.

Udongo baada ya mavuno

Udongo wenye afya hautupwi. Toa mizizi, umwage juu ya turubai, uvunjevunje, uloweshe kidogo, ufunike kwa nailoni angavu na uuache kwenye jua kali wiki 4; joto la chini ya nailoni linaua mayai ya wadudu, mbegu za magugu na minyoo fundo mingi (minyoo midogo sana inayofanya mizizi iote vinundu). Kisha kwa kila vipimo 3 vya udongo rudisha kipimo 1 cha samadi iliyoiva.

Badilisha ukoo unapopanda tena. Nyanya, hoho, pilipili, bilinganya, viazi mviringo na mnafu (managu) ni ndugu wa ukoo mmoja, na mnafu husahaulika kwa kuwa unaliwa majani. Baada ya yeyote kati yao, ndoo hiyo ipande mchicha, matembele, chainizi au maharage kwa misimu miwili kabla ya kurudi kwa ndugu hao. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa kila ndoo kilichopandwa na mwezi wake. Ukiwa na ndoo 12 hutakumbuka kwa kichwa.